UZI: Kwa nini mkuu wa KMKM anaitwa Komodoo? Neno hili limetoka wapi?

Mtoto wa Kikwajuni

Assalaam alaykum wanabaraza.

Jana baada ya magharibi tumekaa Jaws Corner, kahawa na kashata, redio inasoma habari. Akatajwa Komodoo, Mkuu wa KMKM, kile Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Mzee mmoja akauliza, "Hivi huyo Komodoo mkubwa kuliko Kanali, au mdogo?" Basi! Mmoja anasema ni Kanali wa baharini. Mwengine anasema Jenerali. Wa tatu akaapa kabisa kuwa Komodoo lilikuwa jina la ukoo la mkuu wa mwanzo, waliofuata wakarithi. Kahawa ikapoa vikombeni.

Mie nilikaa kimya kwa sababu sijui. Lakini nimelala nalo. Vikosi vyetu vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ukitazama, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) mkuu wao Kanali. Mafunzo, wale wa magereza, Kamishna. Zimamoto Kamishna. KMKM peke yao ndio Komodoo. Wameliokota wapi neno hili? Mwenye elimu atupe.

Pweza wa Nungwi

Komodo si yule kenge wa Indonesia anaemeza mbuzi mzima? 😂

Chuma Chakavu

Mie ninaeijua ni komputa, Commodore 64, ya mwaka 1982. Mjomba wangu alirudi nayo kutoka Uarabuni, ikachomekwa kwenye tv. Hatujawahi kuifanyia jambo la maana ila michezo.

Mtoto wa Kikwajuni

Nyie wawili nendeni uzi wa vichekesho. Serehangi yupo wapi?

Serehangi Mstaafu

Wa alaykum salaam. Nipo, nilikuwa naangalia maji ya mfereji kama yametoka.

Huyo aliyesema ni jina la ukoo mpelekeeni kikombe chengine, kachangamsha baraza.

Pweza, kenge wako ameitwa kwa jina la kisiwa chake, na hana uhusiano na bahari zaidi ya kuogelea. Chuma Chakavu, komputa yako imelichukua jina la cheo, si cheo kilichochukua jina la komputa. Sasa tuingie kwenyewe.

Asili ya neno ni Uholanzi. Miaka ya 1600 Waholanzi walikuwa mabingwa wa bahari, na nahodha waliemkabidhi kundi la meli walimwita kommandeur. Waingereza walipigana nao vita vya baharini mara kwa mara kuanzia 1652, na ukipigana na mtu muda mrefu unaishia kujua msamiati wake. Halafu mwaka 1689 Mholanzi mwenyewe, William wa Orange, akakaa kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza. Ni zama hizo neno likaingia katika jeshi la majini la Waingereza, likazungushwa midomoni mwa mabaharia mpaka likawa commodore. Msiwacheke. Na sisi tumeyachukua maneno matatu yao tukayabana tukapata "manowari", na leo hakuna anaehisi kuwa ni neno la kuazima.

Lakini hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani kwa kuwa neno limeingia, basi cheo kimeingia. Hapana. Komodoo kwa karibu miaka mia tatu hakikuwa cheo. Ilikuwa ni kazi.

Mtoto wa Kikwajuni

Shikamoo mzee wangu. Kazi si cheo vipi tena? Fafanua.

Serehangi Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Tazama. Katika jeshi la majini la Uingereza la zamani, ukishapata ukapteni jina lako linaandikwa kwenye orodha. Kuanzia hapo kupanda kwako hakutegemei ushujaa wala akili. Kunategemea waliokutangulia wafe au wapande. Foleni. Wa juu yako akiwa mlevi, mgonjwa, hajakanyaga merikebu miaka kumi, bado yuko mbele yako, na huwezi kumruka kuwa admeri, yaani jenerali wa baharini.

Sasa wakubwa wa London wana meli tano za kupeleka mbali, na mtu anaefaa kuziongoza yuko chini kabisa kwenye foleni. Wakimpa uadmeri watavunja foleni, na wazee wa juu watapiga kelele. Wafanye nini? Wanamwambia: wewe bado ni kapteni, lakini kwa safari hii utakuwa komodoo. Makapteni wenzako watakusikiliza. Utapandisha bendera yako kwenye mlingoti mkuu, ile pana yenye mkia uliopasuka kama wa mbayuwayu, ili kila meli ijue mwenye amri yuko wapi. Mkirudi, bendera inashuka, na wewe unarudi kuwa kapteni kama wenzako, pale pale ulipokuwa kwenye foleni.

Ndio maana nasema kazi. Kama mtu kuteuliwa amiri wa msafara wa Hija. Msafara ukirudi nyumbani, uamiri umekwisha.

Mfano mkubwa ni George Anson. Mwaka 1740 aliondoka Uingereza akiwa komodoo wa manowari sita kwenda kuwasumbua Wahispania Bahari ya Pasifiki. Dhoruba za ncha ya kusini ya Marekani ya Kusini na maradhi ya kiseyeye vikawamaliza watu wake mamia kwa mamia. Alirudi 1744 na meli moja tu, Centurion. Lakini meli hiyo moja ilikuwa imeteka jahazi la Wahispania la Manila limejaa fedha, kwa hivyo akapokewa kama shujaa. Komodoo wa meli sita aliyerudi na moja, na bado akapigiwa ngoma!

Mwengine ni Nelson, yule maarufu. 1796 aliwekwa komodoo, na Februari 1797 kwenye vita vya Cape St Vincent alikuwa bado na bendera hiyo. Na meli aliyopanda iliitwa Captain. Kwa hivyo ndani ya meli inayoitwa Kapteni mlikuwa na komodoo ambae kwa haki yake ni kapteni, na chini yake kapteni wa meli Kapteni. Mwenye kutunga kitendawili hakiwezi hicho.

Bi Mwanakhamis

Mzee umenifurahisha na Nelson. Sasa mshahara je? Akishuka anarudi mshahara wa zamani?

Serehangi Mstaafu

Ee, bibi, na hapo ndipo serikali ilipopapenda. Posho ya safari, safari ikiisha na posho imeisha. Komodoo alikuwa rahisi kuliko admeri.

Mwaka 1805 wakawagawa daraja mbili. Wa daraja la kwanza alikuwa na kapteni chini yake wa kuendesha meli, yeye akashughulika na kundi zima, na akavaa sare inayokaribia ya admeri. Wa daraja la pili aliongoza kundi na meli yake mwenyewe anaiendesha. Kazi mbili kwa mtu mmoja. Mie nimefanya kazi meli za mizigo, najua ipi kati ya hizo mbili ndiyo huwa inachosha.

Kuwa cheo kamili, cha kudumu, ambacho mtu anakuwa nacho hata akiwa amekaa ofisini hana meli hata moja, kwa Waingereza imekuja 1997. Juzi juzi tu. Wengine humu mlikuwa mmeshamaliza skuli.

Kijakazi wa Historia

Wasomi, tusisahau Zanzibar yenyewe. Komodoo aliyeipiga Beit al-Hukm mwaka 1896 ni Harry Rawson. Vile vita vya dakika 38.

Serehangi Mstaafu

Hapana mwanangu. Rawson hakuwa komodoo. Alikuwa Ria Admeri, amiri mkuu wa kituo chao cha Rasi ya Tumaini Jema, akiwa ndani ya St George. Tarehe 27 Agosti 1896, muda wa onyo uliisha saa tatu asubuhi, mizinga ikaanza dakika mbili baadae. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama pale pale bandarini, mbele ya Forodhani. Upande wetu waliokufa na kujeruhiwa wakafika kiasi cha 500. Seyyid Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani.

Kwa hivyo tofauti ya cheo ni muhimu. Ukiona amekuja admeri, ujue jambo limeshafika juu. Makomodoo walikuja kabla.

Mtoto wa Kikwajuni

Wepi hao? Waliwahi kuja kweli?

Serehangi Mstaafu

Wako, na wawili nitakutajia.

Wa mwanzo Mmarekani, John Aulick, 1851. Wamarekani walikuwa na balozi wao mdogo hapa tangu miaka ya 1830, kwa sababu ya pembe na sandarusi na yale mamerikani yao ya kitambaa. Balozi wao wa wakati ule, Ward, alikasirika kuwa siku yao kuu ya tarehe 4 Julai bendera yao haikupigiwa mizinga ya heshima. Akafunga mizigo akaondoka. Basi Washington ikamwambia Aulick, ambae alikuwa njiani kwenda China na manowari ya moshi inayoitwa Susquehanna, apitie Unguja aweke mambo sawa. Akapitia, akatia nanga, yakazungumzwa.

Na hapa simulizi inanoga. Aulick ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuifungua Japani, yaani kuifanya ikubali kufungua bandari zake kwa wageni. Alipofika Mashariki akanyang'anywa kazi hiyo, akapewa komodoo mwengine, Matthew Perry. Na Perry alipoingia ghuba ya Edo, Tokyo ya leo, mwezi Julai 1853, meli aliyopandisha bendera yake ni hiyo hiyo Susquehanna. Meli iliyowatetemesha Wajapani ilikuwa imeshatia nanga mbele ya kasri la Seyyid Said mwaka mmoja na kitu kabla.

Wa pili Mjerumani, Paschen. Huyu machungu. Mwanzoni mwa 1885 Wajerumani walijitangazia ulinzi wa Usagara, Uzigua na Ukami. Seyyid Barghash akapinga, maana ni nchi alizohesabu zake. Tarehe 7 Agosti 1885 Komodoo Paschen akaingia na manowari tano, akazipanga mbele ya kasri, midomo ya mizinga inatazama barazani. Baada ya siku chache Barghash akalegea. Na mwezi huo huo, kwenye meli nyengine ya Wajerumani, yumo dada yake Barghash mwenyewe, Bibi Salme, ambae ulimwengu unamjua kwa jina la Emily Ruete. Alikuwa hajaiona Unguja tangu alipoondoka 1866. Hebu mtu afikirie: ndugu anatazama kutoka dirishani, ndugu anatazama kutoka kwenye meli, na katikati yao bahari ya Forodhani.

Bi Mwanakhamis

Lahaula. Hilo la Bibi Salme kila nikilisikia moyo unauma. Endelea mzee.

Chake Yangu

Mie wa Pemba. Naona mnatupita kama basi la Wete lililojaa. Na yule mzungu aliyeuliwa huku kwetu kwenye mambo ya kukamata majahazi ya watumwa? Alikuwa komodoo?

Serehangi Mstaafu

Yakhe, karibu sana. Hapana, yule alikuwa Kapteni, Charles Brownrigg. Waingereza walikuwa wameiegesha hapa bandarini merikebu moja kubwa kongwe, London, tangu miaka ya 1870, iwe kama kambi ya kuelea. Mashua zao zilitoka hapo kwenda kukagua majahazi. Disemba 1881 Brownrigg aliuliwa karibu na Pemba alipokuwa analikagua jahazi moja.

Kama unataka komodoo wa biashara hiyo ya kuzuia majahazi, alikuwepo Leopold Heath. Toka 1867 mpaka 1870 alikuwa mkuu wa meli zote za Waingereza katika kituo chao cha Bahari ya Hindi, kwa cheo cha komodoo. Yaani bahari nzima hiyo, kutoka kwetu mpaka Bara Hindi, hawakumpa mtu uadmeri. Ubahili.

Na kwa kuwa tumeitaja London, hapo hapo alitoka Luteni mmoja wa jeshi la majini, Lloyd Mathews. 1877 Barghash akamchukua amfundishie askari wake. Mwishowe akaacha jeshi lao akawa Jenerali wa Sultani, na baadae Waziri wa Kwanza. Luteni wa maji akawa jenerali wa nchi kavu. Mnaona vyeo vinavyobadilika kwa upepo?

Kijakazi wa Historia

Nimekubali kuhusu Rawson. Ila nina swali: admeri nalo ni la Kiholanzi?

Serehangi Mstaafu

Hilo ni letu zaidi kuliko lao. Admeri ni amiri. Waarabu walitawala Sisili, na Wanormani walipoichukua wakawarithi watumishi na vyeo vyao. Amiri wa nchi, amiri wa bahari. Wazungu wakachukua neno na kipande cha "al" kilichofuata, wakakibandika nyuma, halafu wakaingiza "d" kwa sababu walidhani linahusiana na neno lao la Kilatini la kustaajabu. Likawa admiral. Sisi tukaja kuliazima kwao upya, ilhali mzazi wake tunae nyumbani: Amiri Jeshi Mkuu tunamtaja kila siku.

Amiri ni mwenye kutoa amri. Na commodore, ukilifuata nyuma kupitia Kiholanzi na Kifaransa mpaka Kilatini, unafika kwenye kitenzi cha kuamuru na kukabidhi. Kwa hivyo maana ni moja, njia mbili tu zilizokutana kwenye meli moja. Moja imepita Baghdad na Palermo, nyengine Roma na Amsterdam.

Pweza wa Nungwi

Haya nimeacha kenge. Swali la kweli: Wamarekani wana makomodoo leo? Mbona kwenye habari nasikia maadmeri tu?

Serehangi Mstaafu

Wamarekani kisa chao kirefu, nitakifupisha. Walipojitawala hawakutaka admeri hata kidogo, neno lilinuka ufalme. Kwa hivyo kapteni yeyote aliyewahi kuongoza meli zaidi ya moja aliitwa komodoo kwa heshima, na heshima hiyo haikumtoka mpaka kaburini. Wakawa na makomodoo kama nazi. Hata mfanyabiashara Vanderbilt, aliyeanza na mashua za abiria New York, watu walimwita Komodoo. 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, ndipo Bunge lao likakubali maadmeri na komodoo akawa cheo rasmi. 1899 wakakifuta. 1943 wakakirudisha kwa ajili ya vita. Miaka ya themanini wakakigusagusa tena, na 1985 wakaamua mwenye nyota moja aitwe Ria Admeri wa nusu ya chini. Jina refu, utamu hakuna.

Chuma Chakavu

Kwa hivyo jibu la baraza ni lipi? Kanali au Jenerali?

Serehangi Mstaafu

Kati yao. Baharini baada ya Kapteni ndio Komodoo, na baada ya Komodoo ndio Ria Admeri. Na jihadharini, Kapteni wa majini si kama Kapteni wa nchi kavu mwenye nyota tatu begani. Kapteni wa majini ni sawa na Kanali. Kwa hivyo Komodoo yuko juu ya Kanali hatua moja, usawa wa Brigedia. Kwa Waingereza utamjua kwa mkono wa koti: ufito mmoja mpana wa dhahabu wenye kitanzi juu yake. Kapteni ana fito nne nyembamba. Wasiojua wanadhani mwenye nne ndiye mkubwa.

Nchi nyengine zina taratibu zao. Kenya, kwa mfano, jeshi lao la majini linatumia vyeo vya nchi kavu, mkuu wao ni Meja Jenerali. JWTZ mkuu wa Kamandi ya Wanamaji tunamsikia Ria Admeri. KMKM ni kikosi cha SMZ, na kazi yake toka mwanzo ni bahari: kuzuia magendo, na enzi hizo magendo maana yake karafuu.

Chake Yangu

Hapo kwenye karafuu Wapemba tuache tunyamaze 😄

Serehangi Mstaafu

Nyamaza yakhe, usiku mrefu.

Basi kikosi cha maboti kinahitaji vyeo vya maboti. Ukienda Kibweni, makao makuu ya KMKM, utakuta Luteni Kamanda, Kamanda, Kapteni, ngazi yote ya majini, na kileleni Komodoo. JKU kazi yao ni mashamba na ujenzi wa vijana, vyeo vya nchi kavu vinawatosha. Mafunzo na Zimamoto wamefuata ngazi ya makamishna. Kila kikosi kimevaa nguo ya kazi yake.

Na ukitazama vizuri, pale Kibweni neno limekaa katika maana yake ya kale kabisa. Mtu mmoja, maboti kadhaa, bahari ya Unguja na Pemba, na wote wanamsikiliza yeye. Wenye nchi kubwa wamelifanya kituo cha kupita kuelekea uadmeri. Hapa ndio cheo cha mwisho kikosini.

Bi Mwanakhamis

Na kwenye meli za abiria? Marehemu mume wangu alikuwa akisema kampuni yao ina komodoo, mie nikidhani ananitania.

Serehangi Mstaafu

Alikuambia kweli, Mungu amrehemu. Kampuni kubwa za meli nahodha mkongwe kuliko wote humpa jina hilo kwa heshima. Na vita vya pili vya dunia, misafara ya meli za mizigo ilikuwa na komodoo wake, mara nyingi admeri aliyestaafu, mzee wa miaka sitini, anakubali kushushwa cheo ili arudi baharini. Safari ikiisha, kazi imeisha. Unaona? Mambo yamerudi kule kule kwa Anson.

Mtoto wa Kikwajuni

Mzee nimerudi. Nimewasomea uzi mzima Jaws Corner, nimeshika simu kama khatibu. Yule wa jina la ukoo kashindwa, kalipia kahawa ya watu tisa. Lakini mzee aliyeuliza mwanzo hakuridhika. Anasema, "Haya, Komodoo kampita Kanali. Na huyo Serehangi wenu anaejua yote, yeye yuko wapi kwenye ngazi hiyo?"

Serehangi Mstaafu

😂 Mwambie serehangi ni msimamizi wa mabaharia, yule anaepiga kelele kamba zivutwe. Chini kabisa, karibu na nanga.

Lakini mwambie na hili. Neno lenyewe ni la Kiajemi, sarhang. Na mpaka leo katika jeshi la Iran, sarhang ni Kanali.

Mtoto wa Kikwajuni

Nimemwambia. Kasimama, kapiga saluti kwenye simu yangu.